Kila Mtu na Chombo Chake

Mwaka 2014 nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa pale Kasulu, na kwa miaka yote mitatu nilikuwa sijanyoosha mkono darasani hata mara moja. Mwalimu akiniuliza swali, nilijibu kwa sauti ya chini mpaka alilazimika kuja kuinama kwenye dawati langu. Ila insha zangu zilikuwa ndefu na mwandiko wangu unasomeka. Ndiyo maana madam wa Uraia, alipotafuta wazungumzaji wa mdahalo wa mwezi wa tano, aliliandika jina langu bila kuniuliza. Mada ilisema soko huria lina manufaa kuliko hasara. Mimi nilipangwa kutetea.

Nilimfuata ofisini. "Madam, mimi siwezi kuongea."

"Nani kakwambia uongee? Utasoma. Chukua ile insha yako, simama, soma, kaa."

Nikasema sawa. Mimi nikizidiwa huwa nasema sawa.

Wakati huo mama alikuwa mchambuzi wa maharage kwenye ghala moja, barabara ya kwenda Kibondo. Akina mama kama ishirini walikaa chini kwenye turubai, kila mmoja na ungo wake, wanatoa mawe, makapi, yaliyooza na yaliyotobolewa. Walilipwa kwa gunia, elfu moja. Mwaka ule mvua ilinyesha watu wakiwa bado wanavuna, mzigo ukaja mchafu, halafu wanunuzi wa Dar wakaanza kutaka njano tupu, isionekane nyeupe hata moja. Kwa hiyo gunia lilelile lilipita kwenye ungo mara mbili, kwa elfu moja ileile. Aliyezoea kumaliza magunia mawili kwa siku akawa anamaliza moja na kikohozi.

Wakakubaliana waombe elfu na mia tano. Wakamchagua mama awe msemaji. Mama si mwongeaji, na mimi nimemrithi yeye. Walimchagua kwa sababu alikuwa wa zamani kuliko wote pale, na kwa sababu hana mume wa kumkataza. Alienda kwa meneja, akasema yale waliyomtuma, na meneja akamjibu kwa upole kwamba amesikia, wampe wiki mbili awasiliane na wakubwa.

"Wakikataa je?" nilimuuliza.

Alikuwa anasonga ugali wa muhogo. Hakugeuka. "Wakikataa, wa kwanza kuondoka ni msemaji."

Basi tukawa tunasubiri. Sikumbuki kuogopa. Nakumbuka tu kwamba tulikula mapema siku zile na hatukuongea sana.

Jioni moja nilikuwa naandika ile hotuba kwenye kizingiti, mwanga ungalipo, mama akaniuliza naandika nini. Kiswahili cha mama ni cha kazini na cha kanisani, nyumbani tunaongea Kiha. Nikamwambia ni habari za soko huria.

"Huria ndiyo nini?"

"Ni kitu kilicho huru, mama. Hakina mwenyewe wa kukuzuia."

"Aa. Isoko," alisema, na uso wake ukalegea kidogo.

Sasa kwa lugha yetu isoko ni soko, na isoko ni chemchemi. Kinachozitenganisha ni namna unavyovuta sauti. Mimi nilikuwa nimesema neno la Kiswahili bila kuvuta popote, na yeye akachukua lile alilolipenda. Akaanza kunihadithia chemchemi ya kwao Rungwe Mpya, alikokulia. Kwamba haikuwa na mwenyewe. Kwamba kila mtu alikuja na chombo chake, mwenye mtungi na mtungi, mwenye kibuyu na kibuyu, na hakuna aliyekuuliza wewe ni wa ukoo gani. Kwamba aliyekuja na madumu mengi alikaa pembeni akawapisha wenye chombo kimoja kwanza, maana akichota yeye yote, maji yanabaki tope na wengine wanangoja mpaka yatulie.

Nilijua kabisa kwamba tumepishana. Nilitaka kumwambia, mama, mimi nasema la kuuzia vitu. Lakini ilikuwa siku nyingi hajaongea hivyo, nami nikaona aibu kumkatisha. Kisha nikaona kwamba ni mfano mzuri. Nikauandika, nusu yake.

Mdahalo ulikuwa Ijumaa baada ya vipindi. Kwenye viti vya mbele walikaa walimu na mgeni rasmi, na mgeni rasmi alikuwa yule meneja wa ghala, kwa sababu alikuwa ameisaidia shule mabati ya choo. Nilimfahamu kwa kumwona akipita na gari. Yeye hakunifahamu. Nilipomwona niliinamia karatasi yangu, nikaisoma tena toka mwanzo.

Upande wa kupinga uliongozwa na kijana wa kidato cha nne, mtoto wa mwenye duka kubwa la vitenge pale mjini. Anajua kuongea yule.

"Mheshimiwa mwenyekiti! Kampuni inapata faida, inanunua Fuso jipya, inafungua ghala la pili Kibondo! Mfanyakazi aliyeipa hiyo faida, yeye amefungua nini?"

"Amefungua mdomo!" mtu akajibu kutoka nyuma, ukumbi ukacheka.

"Soko huria ni uhuru wa tajiri kumpangia bei maskini!"

"Kamwambie baba yako kwanza!"

Hapo kelele zilikuwa nyingi mpaka mtunza muda akagonga meza. Hata yule kijana mwenyewe alicheka. Meneja naye alicheka, akajifuta jasho kwa leso.

Zamu yangu nikasimama na karatasi yangu. Nilisoma kwamba mshahara ni bei kama bei nyingine, unapanda wafanyakazi wakiwa wachache na kushuka wakiwa wengi. Hayo yalikuwa ya kitabuni. "Sauti!" wakapiga kelele. Nikaongeza sauti, na kwa kuwa nilikuwa siwaoni tena, ikatoka vizuri.

"Soko huria ni kama chemchemi. Haina mlango wala mwenyewe. Kila mtu anakuja na chombo chake. Mwenye dumu anachota dumu, mwenye kikombe anachota kikombe, na chemchemi haina lawama. Hakuna anayemzuia mwenye kikombe kwenda kutafuta dumu."

Wakashangilia. "Umetishaaa!" Wasichana wa darasa langu waligonga madawati. Sikuwahi kushangiliwa kabla ya hapo, na nasema kweli, nilipenda. Upande wetu ukashinda. Nikapewa daftari kubwa la jalada gumu, ndilo hili ninaloandikia. Meneja alinishika mkono, akamuuliza madam, "Huyu binti wa nani?"

Madam alifurahi kuniuza. "Mama yake yuko kwako, bosi. Anachambua maharage."

"Kumbe!" alisema meneja, akanitazama tena, safari hii kwa makini.

Nyumbani nilimwambia mama kwamba tumeshinda. Akasema hongera, mwanangu. Hakuuliza nilisema nini.

Jumatatu ndipo meneja alipowapa jibu. Sikuwepo. Nilihadithiwa na mama mmoja wa Kumsenga, jirani yetu, ambaye alikuwa akikaa ungo kwa ungo na mama. Alikuja kwetu saa kumi, mimi nimetoka shule, yeye kawahi kutoka na mama akiwa bado kazini, akasimama uani, hakukubali kukaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemfundisha bosi maneno?"

Akaniambia yote. Meneja aliwakusanya, akasema wakubwa wamekataa, bei ya uchambuzi inapangwa na soko, na wapo watu hata kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wanaoitafuta kazi hiyohiyo kwa mia nane. Halafu akasema, tena akicheka, kwamba hahitaji kuwaeleza, kwa sababu mtoto wa msemaji wao amekwisha kueleza mbele ya shule nzima. Kila mtu na chombo chake. Mwenye kikombe akatafute dumu, geti liko wazi.

"Mama yako alisimama amjibu," alisema yule jirani. "Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akakaa. Sisi tukajua nyumbani mnaongea lugha moja na bosi."

"Hapana mama, mimi nilipangwa tu. Madam alinipanga kutetea."

"Ulipangwa." Alilirudia lile neno polepole, kama anakagua punje. "Haya. Sisi nasi tumepangwa."

Akaondoka. Niliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Mama alirudi saa kumi na mbili. Hakunipiga wala kufoka. Alinawa miguu, akaniuliza, "Ile isoko uliyoisema shuleni ni ile ya kwetu?"

"Ndiyo, mama."

"Hukusema kwamba mwenye madumu mengi anasubiri."

"Mada ilikuwa soko, mama. La kuuza na kununua. Haikuwa chemchemi."

Alikausha mguu mmoja, kisha wa pili.

"Nimejua leo," alisema.

Hawakumfukuza. Nadhani hakukuwa na haja. Akina mama watatu waliacha kazi wiki ile, waliobaki wakaendelea kwa elfu moja, na hawakumtuma mtu tena. Mama alikwenda kila asubuhi kama zamani. Jirani wa Kumsenga alihamishia ungo wake upande wa pili, na pale alipokuwa akikaa pakabaki wazi. Mama hakunieleza hayo. Niliyaona mwenyewe mwezi wa sita, shule zilipofungwa, aliponiambia nimsindikize ghalani, kuna nafasi.

Meneja alikuwa mlangoni anakagua mzigo. "Aa, msemaji wetu! Karibu sana."

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, marahaba."

Nikakaa pale palipokuwa wazi. Hakuna aliyenisema. Walikuwa wanaongea habari za mtu aliyelazwa hospitali ya Kabanga, nilipokaa wakapunguza sauti, halafu wakaongeza tena. Vumbi la maharage linaingia kooni kabla hujalizoea. Nilipeta, nikatoa mawe, nikatoa yaliyotobolewa. Macho yalianza kuona njano kila mahali, hata ukutani. Saa saba nilikuwa sijafika robo ya gunia.

Mama aliuvuta ungo wangu ambao nilidhani nimeumaliza. Akaupitisha vidole mara moja, akatoa nyeupe mbili, akaziweka kwenye goti langu, akanirudishia ungo.

Nikaanza upya.