Swali la Daktari Mbele ya Mkwe

"Hapana, mama. Maji ya kunywa hayazibi panapovuja. Hata anywe ndoo nzima."

Ndivyo nilivyomjibu mama, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko anavyotakiwa mtoto kuongea na mzazi wake. Alikuwa ameniambia niache kelele, daktari alishasema dada anywe maji mengi, si anakunywa? Nataka nini tena?

"Umemaliza fomu foo juzi, leo ushakuwa daktari," akasema. Alikuwa anapepeta mahindi pale uani kwetu Misima, wala hakuinua uso.

Dada alikuwa ameolewa Magoma. Mimba ilipokuwa kubwa akaja nyumbani, maana kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Wiki moja kabla ya ugomvi huu nilimsindikiza Korogwe kupiga ultrasaundi, na mama mkwe wake akaja kutoka Magoma kukutana nasi. Tukaingia wote watatu.

Daktari akampaka dada mafuta tumboni, akawa anapitisha kile kifaa. Kwenye skrini akatuonyesha sehemu nyeusi, akasema hayo ndiyo maji anayoelea mtoto. Akayapima hapa, akayapima pale.

"Wa kiume?" mama mkwe akauliza.

"Mama, hilo tuliache kwanza. Moyo unapiga vizuri, lakini maji yamepungua." Akatueleza kwamba yakizidi kupungua mtoto hubanwa, na hata kitovu kinachompa hewa na chakula kinaweza kubanwa. Kisha akamgeukia dada. "Kuna maji yoyote yanakutoka huko chini?"

Dada akamtazama mkwe wake, akatazama ukuta. "Hapana."

Na daktari naye! Swali kama lile unamuulizaje mtu na mkwe wake ameketi hapo hapo, mkoba mapajani? Si angetutoa nje? Hakututoa. Akasema dada apumzike, anywe maji, arudi baada ya wiki apimwe tena. Akiona maji yanatoka au mtoto hachezi, asingoje siku hiyo. Mama mkwe akashika neno moja tu: anywe maji. Basi wiki nzima dada akawa anakunywa jagi kwa jagi, majirani wanamtania kwamba mtoto atatoka anaogelea.

Siku ya mwisho ya ile wiki nikawa nafua kanga zake. Zote zilikuwa mbichi sehemu moja. Nikanusa. Ndiyo, nilinusa. Mkojo naujua, nimefulia wadogo zangu miaka yote, na ule haukuwa mkojo. Nikamfuata chumbani.

"Dada, hii nini?"

"Mkojo tu. Mimba ikiwa kubwa inabana."

"Dada."

Akaanza kulia. Yalikuwa yanamtoka kidogo kidogo tangu kabla hatujaenda Korogwe. "Sasa ningesemaje, mdogo wangu? Mambo ya chini, mbele ya mama mkwe! Angeniona mtu wa namna gani?"

Nikamwambia tuondoke jioni ile ile, twende hata Handeni. Akakataa kabisa. Mtoto anacheza, akasema, na kesho si ndiyo siku ya kurudi Korogwe? Mkwe wake atamsubiri stendi. Ndipo nikaenda kwa mama, nikidhani yeye ataniunga mkono.

"Kesho anapimwa," mama akasema. "Mashine itaona yenyewe."

"Mashine inaona maji yamepungua, mama. Haioni yamepitia wapi! Kama chupa ya uzazi imetoboka, uchafu unaweza kupanda mpaka kwa mtoto, na daktari atafanya mambo mengine kabisa. Hilo lazima mtu aliseme."

"Mbele ya mkwewe? Waseme hatukumfunza?"

"Bora waseme hatukumfunza kuliko waje kuzika."

Ungo ukasimama. Mama akaniambia nisithubutu kutaja kuzika kwenye nyumba yenye mimba. Halafu akatoa hukumu: kesho dada anaenda na mkwe wake, mimi nabaki, mdomo wangu hauna mlango.

Nilikasirika. Adabu gani hii, mtoto akaukiwe tumboni ili wakwe wasisikie? Mama mkwe huyo huyo ndiye anayemsubiri mjukuu kwa hamu kuliko sisi wote, na hakuna aliyefikiria kwamba huenda angetaka kujua.

Nikakata shauri. Asubuhi nitatangulia barabarani, na gari likisimama nitapanda na dada, hata mama anifokee kituo kizima kinasikia. Korogwe nitampigia mama mkwe goti, shikamoo mama, heshima zake zote nitampa. Tukiingia kwa daktari, kabla mtu hajakaa, nitasema mimi: anavuja maji, tangu kabla ya ile mara ya kwanza. Dada akininunia, aninunie.