Beseni la Mtoto wa Dada

"Baba ya mutoto anapata makuta ngapi ku mwezi?"

Mjomba aliniuliza hivyo mbele ya ukoo mzima, kana kwamba pesa za mtu huyo zilipita mkononi mwangu. Nilikuwa nimerudi nyumbani Kilibula, mtaa wa Uvira, na shahada ya uchumi, na kwetu shahada ni kama jembe jipya: kila mtu anataka kuliona likilima. Mjomba aliweka mikono juu ya tumbo akasubiri. Mama aliacha kuchambua majani ya sombe. Hata mvuvi mwenyewe, yule baba wa mtoto, alinitazama kama mtu anayetaka kujua mapato yake.

Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa ameachana naye bila matusi. Walichoka tu, kama wanavyochoka watu wengine. Binti yao alikuwa na miaka minne, na alikaa na sisi. Yaya alivuka mpaka kwenda Bujumbura kununua vitenge na kuviuza Uvira, lakini faida ya vitenge peke yake haikutosha chakula, nguo na shule ya watoto wadogo. Ndipo mama wa mvuvi alipotoka kwao, katika bonde la Ruzizi, akatangaza sheria yake.

"Ng'ombe zilitolewa," alisema. "Mutoto ni wa kwetu. Lakini miye si mubaya. Mukipatana kiasi ya kumulisha, abaki. Mukishindwa, namubeba. Kwetu hakuna hesabu, kuna muhogo na muchele."

Basi hesabu yangu ndiyo ingeamua mtoto alale wapi. Yaya hakunisihi. Alinipikia samaki wa mukeke, wa kukaanga, siku mbili mfululizo, na kwa Yaya huko ni kusihi.

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Kikao kiliahirishwa mpaka Jumapili, na kabla yake nilimwendea rafiki aliyesoma sheria, nikamuuliza mahakama inapataje kiasi. Akasema hakimu anaangalia mahitaji ya mtoto na uwezo wa anayetoa; hakuna jedwali. Jibu hilo lilinikera. Uwezo unapimwa kwa mizani gani? Na kwa nini uwezo wa mmoja tu? Nikasoma kwenye simu kwamba ziko nchi ambako mapato ya wazazi wote wawili yanajumlishwa, kisha kila mmoja anabeba gharama ya mtoto kulingana na sehemu yake: baba akipata mara mbili ya mama, anatoa theluthi mbili. Nilifurahi kama mtu aliyepata funguo zake.

Jumapili, baada ya misa, nikaieleza hesabu hiyo. Nilianza na mapato ya Yaya.

"Weye!" Mjomba aliruka. "Unahesabia hata dada yako? Uko upande gani?"

"Upande wa hesabu, Mjomba."

"Huyo upande hautuzalie mutu!"

Mvuvi alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamgeukia. "Na weye shemeji? Unapata ngapi?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Giza," alisema. "Kukiwa mbalamwezi, samaki haifuate taa, hatutoke. Kukiwa giza, tunatoka. Saa zingine tunarudi na ndagala mpaka mutumbwi unalia. Saa zingine tunarudi na baridi. Na ile tunapata, tunatoa ya esanse ya moteri, tunatoa ya mwenye mutumbwi, ndiyo tunagawana."

"Basi tuchukue mwaka mzima, tugawe kwa kumi na mbili."

"Sawa. Na ile wiki sina kitu, nitakupa nini? Ile ya kumi na mbili?"

Watu walicheka, na mimi pia, kwa sababu alisema kweli. Wastani wangu ulikuwa mzuri sana kwa mtu ambaye hayupo. Mjomba akapendekeza dola thelathini kila mwezi. Mvuvi akasema angeweza kuahidi hata mia, kwani kuahidi hakuna esanse. Mama yake akaanza kufunga kitenge chake kiunoni, kwa namna ya mtu anayejiandaa kwa safari, na kumwita mjukuu aje avae viatu.

Hapo Yaya akaingia kati.

"Acheni mambo ya mwezi. Mukishuka ku ziwa, munagawana na nini?"

"Na beseni," alijibu mvuvi.

"Basi mutoto apate beseni yake. Mutumbwi ukileta, anapata. Ukikosa, anakosa, na vitenge vyangu vitamulisha hiyo wiki. Tutakula, tutaanika, tutauza, tutalipa masomo."

Nilitafuta kosa katika jambo hilo, kama kawaida yangu. Nikalipindua huku na huku. Lilikuwa na mapato ya wazazi wote wawili, lilikuwa na mahitaji, lilikuwa na uwezo, na uwezo ulijipima wenyewe kila asubuhi. Nikapata swali moja tu.

"Beseni ya ukubwa gani?"

Ugomvi wa kweli ulianza hapo. Bibi wa bondeni alileta kutoka jikoni kibakuli cha kunawia mikono. Mjomba alitoka, akarudi na beseni ambalo kwa jirani wanaogeshea mapacha.

"Mujomba, unataka mutoto afungue soko?" mvuvi alilalamika.

"Na mama yako anataka tumulishe na kijiko?"

Mwishowe tukaenda sokoni wote, Bibi akiwa mbele kwenye pikipiki, sisi nyuma kwa miguu. Muuza vyombo alidhani ni harusi. Mabeseni yalishushwa, yakapangwa chini, na kila upande ulikuwa na lake. Mtoto, aliyechoshwa na sisi, aliingia katika beseni la buluu la katikati, akakunja miguu, akaenea sawasawa. Akakataa kutoka.

Bibi akakubali kwa kichwa. "Hiyo iko kipimo chake. Akikomaa, mubadilishe."

"Na mutoto?" Yaya aliuliza, sauti yake ikiwa chini.

"Abaki kwa mama yake. Lakini likizo ni zangu, na nisisikie kalkile wala hesabu yoyote!"

Yaya alimbeba binti yake pamoja na beseni, mtoto akiwa bado ndani, mpaka muuza vyombo alipokumbusha kwamba hajalipwa. Mjomba na mvuvi waligombania kulipa, jambo ambalo sikuwahi kuliona wakati wa kikao.

Tangu hapo, siku za giza, pikipiki kutoka ziwani ilisimama mbele ya nyumba asubuhi na beseni limejaa ndagala zinazong'aa, na nyuma yake paka wa avenyu nzima. Yaya alianika, akauza, akalipa shule. Wiki za mbalamwezi hakuna kilichokuja na hakuna aliyekasirika. Mimi niliendelea kupiga hesabu kimyakimya, kwa tabia tu, na sikuelewa jambo moja: hata asubuhi ambazo mvuvi alikiri kwamba amerudi na kidogo sana, beseni lilikuwa limejaa. Nilimshuku kwamba anakopa. Nilimwambia Yaya. Akaniambia nile samaki.

Sasa binti huyo yuko shule ya msingi, na beseni limebadilishwa mara mbili. Ni mwaka huu tu ndipo mvuvi mmoja wa mtumbwi wa shemeji, tukizungumza ufukweni mambo mengine kabisa, aliniambia kwamba beseni lile halikuwahi kutoka katika fungu la shemeji yangu: tangu siku ya kwanza lilijazwa kabla ya kugawana, kama inavyotolewa esanse, na kila mtu katika mtumbwi ule amekuwa akimlisha mtoto wa Yaya.