Kumsindikiza Jirani Sinagogi

Jirani yetu wa Kenton alikuwa mjane wa Kiyahudi, mzaliwa wa London hii hii, umri umepita themanini. Ukuta wa sebule yake ndio ukuta wa sebule yetu. Mimi nilimwita mama, kama ambavyo ningemwita mwanamke yeyote wa rika lake kwetu Tanga. Mwanzoni alicheka, akaniambia anaye binti mmoja tu, naye yuko Manchester. Siku zilivyokwenda akaacha kucheka, akawa anaitika. Nilipojifungua binti yangu, mume wangu akiwa zamu, mama ndiye aliyekaa nami hospitalini, akanisimulia habari za wanawake wa mtaa wao wa zamani mpaka nikasahau uchungu.

Kila Jumamosi asubuhi alikwenda sinagogi kwa miguu, maana siku ya Sabato hapandi gari. Si mbali, ila kwa mwendo wake ilikuwa safari. Jumamosi moja nilikuwa napiga pasi karibu na dirisha nikamwona anarudi, kofia hana, mkono mmoja ameukumbatia kama anambeba mtoto. Nikatoka mbio bila hata kujitanda mtandio.

Gari lilikuwa limepunguza mwendo karibu naye, vijana wakashusha kioo, wakamtukana kwa Uyahudi wake, kisha mmoja akamrushia chupa. Haikumpata. Alianguka katika kuikwepa. Maneno waliyomwambia alinirudilia mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, halafu akaomba maji.

Nikapiga simu. Polisi walikuja, wakawa na adabu, wakaandika, wakaahidi doria. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika, akafungwa plasta. Wiki iliyofuata gari la polisi likaanza kuegeshwa mwisho wa mtaa wetu. Sitadanganya, nilifurahi kuliona. Mimi ni mwanamke wa hijabu, najua kutukanwa kwenye basi watu wote wakaangalia simu zao.

Mume wangu ni nesi. Jioni moja alikuwa anarudi kutoka kazini, mvua inanyunya, amevaa kofia ya jaketi, akasimamishwa mbele ya geti letu. Wakamuuliza anatoka wapi na anafanya nini mtaa huu. Akajibu kwamba anaishi hapa. Wakamwambia ainue mikono. Nilimkuta anapekuliwa, mfuko wa mkate umewekwa chini, majirani wamefungua mapazia. Kabla sijasema neno mlango wa pili ukafunguliwa, mama akatoka na ndara zake na plasta yake.

"Mnafanya nini?" aliwauliza. "Huyu ni jirani yangu. Huyu ndiye anayenitolea takataka."

Walimwachia. Mmoja akaomba radhi, akaeleza kuwa wako pale kwa ajili ya usalama wa watu kama yeye mama.  Mama alimtazama mume wangu aliyekuwa anaokota mkate.

Tangu siku ile akaacha kwenda sinagogi. Nikamfuata kwake.

"Mama, Jumamosi mbili sasa. Unaumwa?"

"Nikienda peke yangu naogopa," akasema. "Wakiongezwa polisi, anasimamishwa mumeo. Nikibaki ndani, hakuna anayeumia."

"Basi nitakwenda na wewe."

Akaiangalia hijabu yangu. "Watatutukana wote wawili."

"Watutukane."

Nilisema kwa ujasiri ambao sikuwa nao. Nyumbani mume wangu alininunia siku nzima. Hakuwa na neno na mama. Alikuwa ananiogopea mimi. Ijumaa, baada ya swala msikitini, nikawaeleza wanawake wenzangu tulipokuwa tunavaa viatu, nikaomba wa kuandamana nami. Wawili wakakubali palepale. Shoga yangu mmoja, mtu wa Unguja tuliyefahamiana tangu nifike nchi hii, akabaki na kiatu mkononi.

"Mie niliporaruliwa mtandio pale stesheni, nani alinisindikiza?" akauliza. "Na watoto wanaouawa kule tunaowaona kila siku kwenye simu, nani anawalilia?"

Nikamwambia mama hajamuua mtoto wa mtu. Akasema analijua hilo, wala hajasema vinginevyo, lakini swali lake liko palepale.  Niliondoka nikikumbuka kwamba mwaka ule wa mtandio mimi mwenyewe nilimpigia simu tu.

Sinagogi nako hawakutupokea kwa vigelegele. Mzee mmoja wa kamati alituita ukumbini, akatuandalia chai. Alitaka polisi mlangoni kila wiki, na kamera zaidi. Alitueleza kuwa wakati wa mauaji makubwa ya Wayahudi babu na bibi yake waliamini majirani zao, nao majirani wakasimama dirishani wakiangalia wanavyochukuliwa. Alisema bila hasira.  Mama ndiye aliyemjibu, kwamba mlinzi wao abaki mlangoni kama kawaida, lakini barabarani anataka kutembea na watu anaowajua.

Basi tukaanza. Jumamosi ya kwanza tulikuwa wanawake watatu wa msikitini, mama katikati yetu, na mume wangu nyuma, ambaye alidai kwamba anakwenda dukani tu. Wazee wengine wawili wa sinagogi wakajiunga nasi njiani. Tulitembea polepole, tukizungumzia maumivu ya magoti na bei ya gesi.

Halafu Jumamosi moja tukakutana na mwanamume mmoja kwenye kituo cha basi. Alianza kwa mama, akahamia kwetu, akatutukana Wayahudi na Waislamu kwa pumzi moja, huku anatufuata. Nilisikia mama anapumua kwa shida. Mume wangu akasogea, nikamshika mkono, maana nilijua polisi wakifika watamwanza nani. Ndipo akatoka mwenye duka la mboga, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, na aproni yake. Akasimama kati yetu na yule mtu bila kumgusa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri basi akaja kusimama kando yake. Kisha dereva wa kupeleka vifurushi. Hakuna aliyepiga kelele. Yule mtu akaendelea kutukana kidogo, akatazama nyuso, akavuka barabara.

"Dada, mko sawa?" mwenye duka akaniuliza kwa Kiswahili. "Leteni mama akae ndani kidogo."

Mama alikaa kwenye kreti la machungwa mpaka akasema anataka kurudi nyumbani. Hatukufika sinagogi siku hiyo.

Nilikuwa nimemweleza mama lile swali la shoga yangu.  Ijumaa iliyofuata akaniomba nimpeleke msikitini, akasimama nje ya geti wakati watu wanatoka. Shoga yangu alipotoka, nikamwonyesha. Mama akamwambia, "Nimechelewa sana kwa habari ya mtandio wako. Naomba unisamehe kwamba sikuwepo." Shoga yangu akaangalia pembeni. Kisha akaingia ndani, akarudi na kiti, akamwekea, akasimama karibu naye mpaka watu wakaisha. Jumamosi hakuja kutembea nasi. Mpaka leo hajaja. Lakini humuulizia mama.

Bado tunatembea. Wiki nyingine tuko wengi, wiki nyingine tuko wawili. Binti wa mama anapiga simu kutoka Manchester kila mara, anataka ahamie kwake, na mimi siwezi kumlaumu. Gari la polisi limeondoka mtaani, lakini mume wangu bado anapitia barabara ya nyuma akitoka kazini.

Majira ya baridi yalipoingia, mama alimwita mume wangu amsaidie na bisibisi. Kwenye mwimo wa mlango wake kuna kijisanduku chembamba chenye maneno ya dua ndani yake, ambacho marehemu mumewe alikifunga walipohamia. Alitaka kihamishiwe mlango wa ndani, wapita njia wasikione wakajua kuwa ni nyumba ya Kiyahudi.

"Una hakika, mama?" mume wangu akamuuliza.

"Hapana," akasema. "Fungua tu."

Skrubu zilikuwa zimeshika kutu, zikachukua muda. Mimi nilisimama kizingitini nikimshikia mama koti, upepo unaingia ndani ya nyumba, mpaka skrubu ya mwisho ilipotoka.