Siku Tulipotangazwa Maskini

Mama yangu hajawahi kuwa maskini. Pesa ndizo ambazo hazikuwapo. Tofauti hiyo aliishikilia kwa mikono yote miwili, na ole wako wewe mtoto wake uichanganye mbele ya watu.

Tulikuwa watatu, baba, mama na mimi binti yao, kwenye chumba kimoja na kijisebule, ghorofa ya tatu ya ploti moja ya kupanga mtaani Kayole. Baba alikuwa mchongaji. Alichonga twiga wa kuuzia watalii, na miaka hiyo watalii walionekana kutosheka na twiga, kwa hivyo waliobaki tuliishi nao. Walilala chini ya kitanda, wakasimama juu ya kabati, wakatutazama tukila. Mama alishona sare za shule, kazi ya Januari isiyojua kwamba mwaka una miezi mingine. Sisi wenyewe tulijua hali yetu. Kazi ya mama ilikuwa kuhakikisha hakuna mwingine anayeijua. Alitoka nyumbani nguo zimepigwa pasi hadi kwenye kola. Siku ambayo hapakuwa na kitoweo, alikaanga vitunguu kwa mafuta ya kupima, mlango ukiwa wazi kabisa, ili harufu ishuke ngazi zote. Kisha alifunga mlango, tukala ugali na sukuma wiki.

Mimi sikuwa na subira na mambo hayo. Nimezaliwa na mdomo mwepesi na hasira za karibu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuitwa kusomea umeme katika chuo cha ufundi, diploma kamili, na tayari nilikuwa nimewaambia vijana wote wa mtaa kwamba stima ikipotea wanitafute mimi. Kilichobaki kilikuwa karo.

Siku hizi serikali haiwalipii wanafunzi wote sawasawa. Unajibu maswali mtandaoni kuhusu nyumbani kwenu, kisha unawekwa kwenye kundi. Walio hoi hulipiwa karibu karo yote. Wanaojiweza huachiwa mzigo mkubwa wajilipie. Ungedhani familia ya twiga ingejua ipo kundi gani.

Tulienda kujaza kwenye saiba, duka la intaneti la pale chini. Kijana wa saiba alikuwa mkarimu, ila alisoma kila swali kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, na nyuma yetu kwenye foleni alikuwa amesimama mwanamke mmoja wa kanisani kwetu.

"Mathe, hapa wanauliza mnakula mara ngapi kwa siku."

"Tatu," mama akasema, akageuka kidogo nyuma. "Na chai ya saa nne."

Nilimkanyaga mguu. Hakujali.

"Kazi ya buda, mzee wako?"

"Msanii. Kazi zake huenda hadi nje ya nchi."

Ni kweli kwamba mtalii mmoja aliwahi kubeba twiga mmoja kwenye begi lake. Kijana akaandika. Aliuliza kama tuna mifugo, mama akahesabu ng'ombe wote wa babu kule Ukambani, pamoja na yule aliyekufa kwa ukame. Nilipotaka kuingilia alinifinya mkono mbele ya kompyuta, nami nikanyamaza kwa sababu kufinywa na mama yangu si mchezo.

Majibu yalipotoka, tulikuwa tumewekwa pamoja na watu wenye magari. Serikali ingelipa kidogo, mkopo ungelipa kidogo, na kiasi kikubwa kilikuwa kimeandikiwa familia. Chuo kilisema wazi kwamba nusu ya kiasi hicho isipolipwa kabla ya siku ya kuripoti, nafasi yangu atapewa mwingine. Nilikata rufaa. Rufaa ikajibu kwamba inashughulikiwa, na hadi leo nadhani bado wanaishughulikia. Nilimkasirikia mama mpaka nikashindwa kumeza chakula, na yeye akapiga pasi nguo ambazo tayari zilikuwa zimenyooka. Baba alitutazama sote wawili, akachukua patasi, akaanza twiga mwingine.

Ikabaki basari ya wadi, msaada wa karo kwa watoto wa wahitaji. Ilikuwa na utaratibu wake. Kwa sababu siku za nyuma watu wenye nyumba za kupangisha walikuwa wamejipatia basari, kamati iliamua kila jina lisomwe barazani, mbele ya wakazi, na majirani waseme kama familia hiyo ni ya wahitaji kweli. Ni mpango mzuri ukiwa mtu wa kawaida. Kwa mama yangu ulikuwa sawa na kuambiwa aende sokoni na nguo ya kulalia.

Hapa lazima nimtaje jirani yetu. Mlango wake ulitazamana na wetu, hatua mbili za korido katikati. Alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Majengo, muuzaji wa leso na vitambaa, na Kiswahili chake kilikuwa na makali ya kukata mkate. Yeye na mama walikuwa hawasalimiani kwa muda mrefu. Ugomvi ulianza siku ya maji, kwenye foleni ya mitungi pale bombani, jirani alipodai mama ameusogeza mtungi wake nyuma. Mama anaapa mpaka leo kwamba aliukuta pale pale. Tangu siku hiyo walipishana kwenye ngazi kimya kimya, kila mmoja akiwa na shughuli ya ghafla kwenye mkoba wake.

Siku ya baraza tuliketi kwenye viti vya plastiki katika uwanja wa ofisi ya chifu, jua likiwa kali na watu wakiwa wengi. Mama alivaa suti yake ya Jumapili. Nilimwambia avae kitu kilichochakaa kidogo, akanijibu kwamba hana kitu kama hicho, na ubaya ni kwamba alikuwa anasema kweli. Jina langu liliposomwa, mwenyekiti wa kamati aliinua macho.

"Kuna anayeijua familia hii? Ni wahitaji kweli?"

Yule mwanamke wa kanisani akawa wa kwanza kusimama. Moyo wangu ukatulia, nikijua anatupenda.

"Bwana mwenyekiti, huyu mama ni mtu wa heshima sana. Kanisani hakosi sadaka. Mimi sijawahi kumwona akiomba hata kibiriti."

Watu wakapiga makofi. Mwangalizi wa ploti yetu naye akasimama, mzee mwema, akavua kofia.

"Hiyo ni nyumba ya watu wanaojiweza. Kila jioni wanapika. Mimi niko pale chini getini, harufu inanifikia."

Makofi tena. Kila aliyesimama alitusifu, na kila sifa ilinisogeza mbali na chuo. Walikuwa watu wazuri. Hakuna hata mmoja aliyetaka kumvunjia mama heshima mbele ya chifu. Baba alijikakamua, akasimama, akasema, "Tunajaribu," akaketi. Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa hadharani.

"Basi tumshukuru Mungu kwa familia kama hizi," mwenyekiti akasema. "Twende kwa jina linalofuata."

"Ngoja kwanza, mwenyekiti! Ngoja! Nyinyi mnadanganywa na vitunguu!"

Alikuwa jirani yetu. Alikuwa amesimama katikati ya watu, buibui lake amelikunja begani kama mtu anayetaka kufua.

"Mimi nakaa mlango wa kutazamana na huyu mama. Vitunguu vinavyoingia navijua, na nyama isiyoingia naijua. Anatuambia mzee wake ni msanii wa nje ya nchi. Nchi gani hiyo? Nendeni mle ndani mwone twiga walivyojaa, mpaka mtu apite kwa ubavu! Mwezi wa tatu mwenye nyumba aliwapiga kufuli kwa deni la kodi. Huyu mama akatwambia wamesafiri matanga. Matanga gani hayo, mtu aende na cherehani? Walilala kwenye kibanda cha kuchongea cha mzee, mimi nikawaona kwa macho yangu haya asubuhi wakitoka. Na huyu binti, viatu vyake vya shule vilitiwa gundi hata gundi ikawa nyingi kuliko kiatu. Leo mnasema wanajiweza? Hawajiwezi! Wanajisikia tu!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Vijana nyuma wakapiga mbinja. "Mathe amewasha! Ongeza, mathe!" Nilitamani ardhi inimeze, na wakati huo huo nilitamani aendelee, maana kila alichosema kilikuwa kweli tupu na hakuna mtu wa kwetu ambaye angeweza kukisema.

Mwenyekiti aligonga meza hadi watu wakatulia. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, haya yaliyosemwa ni kweli?"

Nilijua jibu lake. Nilikuwa nimelisikia maisha yangu yote. Angesema hapana, kwa upole na kidevu juu, na watu wote wale wangemwamini yeye wamwache jirani na mdomo wake. Heshima yake ingerudi papo hapo. Kisha lingesomwa jina linalofuata, na mimi ningerudi nyumbani kuwatazama twiga.

"Mwaitu," nikamnong'oneza. Ndivyo tunavyomwita mama kwetu Ukambani, na sikuwa nimemwita hivyo tangu nianze kujiona mkubwa.

Mama akasimama. Akanyoosha sketi.

"Ni kweli," akasema. "Ila huyo hajui yote. Kufuli tulipigwa mara mbili. Mara ya pili yeye alikuwa amesafiri."

Watu wakacheka, hata mwenyekiti akacheka. Mama hakucheka. Alingoja wamalize.

"Huyu msichana wangu ana akili. Sisi hatuna karo. Nimemaliza."

Akaketi. Nililia pale pale, machozi na kamasi pamoja, na sikuona haya. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mama dakika ile. Mwenyekiti aliandika kitu, akawatazama wenzake, wote wakatikisa vichwa kukubali.

Njiani kurudi mama alitembea mbele, haraka, bila kugeuka. Mimi na baba tulimfuata kama watu waliovunja sahani. Tulipofika kwa muuza mahindi ya kuchoma, baba akakohoa.

"Hukuwataja twiga walio bafuni," akasema.

Mama alisimama. Mabega yakaanza kumtikisika, nami nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka hata akashika kibanda cha muuza mahindi ili asianguke, suti ya Jumapili ikaingia masizi, na hakuifuta.

Jioni ile alipika chapati, akanituma nipeleke sahani mlango unaotutazama. Hakusema ni za nini. Jirani aliipokea kana kwamba amechelewa kuletewa. Mimi na mdomo wangu nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza kama alisimama ili kutusaidia.

"Kusaidia?" akasema. "Mimi nilisimama nimuaibishe mama yako. Alinizidi ujanja na mtungi wangu, nami nilikuwa nina langu moyoni. Lakini nilipokuona wewe ulivyojikunyata pale, ya viatu nikaongeza. Hiyo ilikuwa yako."

Kesho yake sahani ilirudi na nusu kilo ya nyama ndani ya mfuko. "Mwambie apike hii," akaniagiza, "nimechoshwa na vitunguu." Mama aliipika mlango ukiwa umefungwa.

Hundi ya basari ilienda moja kwa moja chuoni. Haikulipa kila kitu, lakini ilivuka ile nusu iliyotakiwa, na ikatosha kuniingiza. Siku ya kuripoti mama alinisindikiza. Kwenye dirisha la karo alikaa karani mmoja kijana, mwenye haraka, aliyekuwa akiwauliza wote swali lile lile.

"Karo hii imelipwa na nani?"

Nilifungua mdomo nijibu, mama akanitangulia.

"Jirani yangu."

Karani alitazama kompyuta yake. "Hapa naona ni serikali, mama. Basari ya wadi."

"Hao walileta hundi," mama akasema, kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia. "Mimi sikuwa na kitu. Aliyenifanya niseme hivyo mbele ya watu ni jirani."