Bastola Iliyopakwa Mafuta ya Nazi

Pale Ibra, mtaa wa nyuma ya soko, walikuwako wanawake waliokusanya dhahabu, na wengine waliokusanya vyombo vya udongo vya China mpaka makabati yakakataa kufunga. Mwanamize binti Abdullatif alikusanya silaha kongwe. Si za kuuza, wala si za kupigia. Za kuzitazama tu, kuzipangusa vumbi na kuzijua. Chumba ambacho wenzake wangekitandika makochi, yeye alikijaza pembe za baruti, majambia yaliyopotelewa na ala zao, na bunduki za zama za mababu ambazo hata uzibembeleze vipi hazilii. Za namna hiyo alikuwa na rukhsa yake ya polisi, imetiwa fremu ukutani.

Mashoga zake hawakumwacha. "Masikini Azzan, hakuoa mke, kaoa kambi ya jeshi!"

Azzan mumewe, dereva wa serikali, mtu mpole kupita kiasi, huwajibu, "Ndiyo, na mie ndiye askari wa zamu. Chai nachemsha mwenyewe."

Mapenzi hayo aliyapata kwa baba yake. Abdullatif alikuwa fundi wa silaha Unguja, zama za wafalme, na Mwanamize akitoka skuli hukaa ubavuni pake akimshikia skrubu kwenye kisahani. Baba alimfundisha hivi: ukiishika silaha, kwanza hakikisha haina risasi, kisha hakikisha tena, ndipo utazame uzuri wake. Na katika zote zilizopita mezani pale, aliyoipenda mtoto yule ni bastola ya jeshi ya Kiingereza, ile inayokunjuka katikati kama mkebe wa wanja, inayosema "tk" taratibu ikifungwa. Baba alikufa mwaka ule wa sitini na nne, na meza yake ikenda na waliokwenda nayo. Mwanamize alipovuka bahari akafika Ibra, nchi ya Kiarabu ya mababu zake, mwanzo wa miaka ya sabini, alikuwa na bisibisi moja ya baba ndani ya kifurushi cha nguo, na bangili ya dhahabu ya mama mkononi. Bastola kama ile hakuiona tena.

Mpaka baridi ya mwaka themanini na tatu, alipofariki mzee Sleyum.

Sleyum alikuwa askari mstaafu, na jeshi lilipopata silaha mpya yeye aliuziwa bastola yake kongwe, na karatasi zake zote. Sasa yeye hayupo na rukhsa ilikuwa kwa jina lake. Polisi wakamwambia mkewe, Bi Fakhriya, kwa adabu: ama apatikane mwenye rukhsa ainunue, ama silaha irejeshwe serikalini. Bi Fakhriya naye yuko edani. Hatoki nje, havai dhahabu, hajitii manukato, na mwanamume asiye maharimu wake haonani naye. Kila jambo lilipita kwa kaka yake, Musabbah.

Mwanamize alikwenda kutoa pole, lakini nisimzulie wema wa bure, alikwenda kuiona bastola pia. Akakuta viatu vya kiume barazani. Mahrous, mfanyabiashara wa silaha kutoka Nizwa, alikuwa keshakaa nje ya mlango wa chumba, pazia limeshushwa, kahawa mkononi.

"Shikamoo, Bi Fakhriya."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Wewe huna haja ya pazia."

Ndipo Mwanamize alipotambua bahati aliyokuwa nayo. Mfanyabiashara mkubwa wa Nizwa nzima yuko nje anazungumza na kitambaa, na yeye yuko ndani, juu ya mkeka, karibu na mwenye mali.

Mahrous alikuwa keshaishika bastola na kuirejesha. Sauti yake, kwa Kiarabu, ilipita pazia bila ya taabu. "Ya Musabbah, mwambie dada yako. Gurudumu la risasi halizunguki. Haikunjuki. Imekufa kwa kutu ndani. Hii haikutunzwa. Mie nitaichukua kwa bei ya chuma, niitie fedha hapa na hapa, nimuuzie Mzungu aitundike."

Bi Fakhriya aliinamisha uso. "Haikutunzwa," alisema polepole, kwa Kiswahili cha kwao Unguja. "Kila Ijumaa, Mwanamize. Kila Ijumaa akishakwenda kusali naitoa, naifuta, naipaka. Alikuwa kaniambia: Fakhriya, nikifa mimi wataisifu hii. Leo wanasema nimeiua mwenyewe."

"Hebu niione."

Aliipokea kwa mikono miwili. Akainamisha mtutu chini, akachungulia tundu za gurudumu moja moja mpaka akaridhika kuwa ni tupu, kisha akachungulia tena. Alama ya jeshi ilikuwa pale pale, kali, haikuguswa na msasa. Nambari ya kwenye fremu na nambari ya kwenye gurudumu ni moja. Vyuma havikutoka katika bastola mbili. Vichwa vya skrubu vizima, hajapita fundi wa haraka. Rangi nyeusi ilikuwa imetoka mdomoni tu mwa mtutu, palipokuwa pakisuguana na mfuko wa ngozi miaka na miaka, na hiyo si aibu, ni umri. Pete ya kamba chini ya mpini bado ipo. Moyo wake ulikuwa ukimwenda mbio hata akaona haya, kama msichana aliyeletewa posa.

Lakini kweli, gurudumu lilikataa kata kata.

Akaisogeza puani. Akanusa tena. Akaikwaruza kwa ukucha pembeni mwa gurudumu, ukucha ukatoka na kitu cheupe, laini.

"Bi Fakhriya, unaipaka mafuta gani?"

"Mafuta gani tena? Ya nazi. Ndiyo mafuta."

Mwanamize aliona kicheko kinamjia, akakizuia kwa sababu ya msiba. Chupa yake mwenyewe ya mafuta ya nywele ilikuwa nyumbani dirishani, imeganda kama jiwe, tokea baridi ilipoingia. Unguja mafuta ya nazi hayalali. Hapa Ibra, chumba cha udongo mwezi wa Januari, yanakuwa samli. Na Bi Fakhriya alikuwa akiongeza Ijumaa baada ya Ijumaa, juu ya yaliyokwisha kuganda, kwa mapenzi.

Kutu haikuwamo. Na aliyejua hivyo katika nyumba ile ni yeye tu.

Akinyamaza, bastola ni ya bei ya chuma, na bei ya chuma yeye anaiweza. Alikaa nayo mapajani. Mkono wa Bi Fakhriya ulikuwa ukikunja na kukunjua pindo la nguo yake ya eda, ukikunja na kukunjua.

"Haijafa," Mwanamize akasema, kwa sauti ya kupita pazia. "Imeshiba. Umeilisha mno, bibi yangu. Nipe sinia, tuiweke juani uani."

Wakaiweka uani. Kahawa ikaongezwa mara mbili, Mahrous akasema maneno yake kuhusu wanawake wanaoanika bastola kama dagaa, na Musabbah akacheka kinyume na adabu ya msiba. Mafuta yalipoanza kutiririka siniani, Mwanamize aliyafuta kwa kitambaa, akabonyeza komeo kwa kidole gumba, na bastola ikakunjuka. Akaielekeza mbinguni, akachungulia ndani ya mtutu. Mifereji yake ilizunguka safi, inang'aa mwanzo mpaka mwisho. Akaifunga. "Tk."

Bi Fakhriya alianza kulia, na hakikuwa kilio cha msiba.

Huko nje Mahrous akasema, "Nimeisikia. Musabbah, futa bei yangu. Naongeza," akataja bei ya bastola nzima.

"Na mie nataka," Mwanamize akasema, akavua bangili ya mama yake. "Sina kingine, ila hii."

"Rukhsa ya bastola anayo?" sauti ya nje ikauliza. "Aliyonayo ni ya bunduki zilizokufa. Mie ninayo leo, mfukoni."

Na hilo lilikuwa kweli. Bi Fakhriya akiisubiri rukhsa isiyokuja, atakosa bastola na atakosa bei ya Mahrous.

Mjane yule aliitazama bangili, akamrudishia. "Mie niko edani, dhahabu siivai. Ikae mkononi mwako. Kaombe rukhsa. Mpaka nitakapotoka eda bastola inakungoja. Ukishindwa, nampa mwenye fedha zake. Musabbah, mwambie bwana ahsante, na kahawa ipo."

Polisi hawakumcheka, ila afisa alimuuliza, "Mwanamke na bastola, ya nini?"

"Ya kuitazama."

"Basi niletee mfanyabiashara wa silaha anayejulikana, aje ashuhudie kuwa unajua unachokitazama."

Na anayejulikana ni nani? Azzan alicheka njia nzima ya Nizwa, gari likipita mlima mmoja baada ya mwingine. Mahrous alikuwa dukani pake chini ya ngome. Alipojua ni nani aliyevaa buibui mbele yake, aligonga meza.

"Umeninyang'anya nyama mdomoni, kisha waja kuniomba chumvi?"

"Nimekuja kukuomba ukweli. Uliusikia mwenyewe."

Mahrous alikuna ndevu. Alimtazama Azzan. "Huyu ndivyo alivyo siku zote?"

"Siku zote," Azzan akasema.

"Ziko nyumba nyingi, kwenu Sharqiyah mkoa mzima, ambazo mie huishia barazani. Wajane, mabibi wakubwa. Vitu vimefungwa masandukuni nami siwezi kuviona." Aliinamia meza. "Nikikushuhudia, utaingia ndani kwa niaba yangu? Unitazamie, uniambie kweli kama ulivyomwambia yule?"

"Nitakwambia wewe kweli, na mwenye mali nitamwambia kweli ile ile."

"Ah! Hasara tupu," Mahrous akasema, akavaa kilemba chake vizuri na kutafuta funguo za gari.

Rukhsa ilitoka mwezi wa Mei, wiki aliyotoka eda Bi Fakhriya. Mwanamize alimkuta amekoga, amevaa kanga mpya, hina mkononi haijakauka vizuri. Musabbah akazitia karatasi saini zilizotakiwa. Bangili ya Unguja ikahamia mkono wa Bi Fakhriya, ikakaa kama iliyopimwa.

Mwanamize alitoa kichupa cha mafuta ya cherehani, akatia tone moja tu kwenye bawaba ya bastola. Bi Fakhriya alimtazama kwa makini.

"Tone moja?"

"Moja, bibi. Na si kila Ijumaa."

"Na haya yangu nitayafanya nini?" Alinyanyua chupa ya mafuta ya nazi. Kwa joto lile yalikuwa maji matupu, yanacheza ndani ya chupa.

"Kaa chini," Mwanamize akasema. Akaifunika bastola kwa kitambaa, akamfungua yule bibi nywele zilizokaa kavu eda nzima, akamimina mafuta kiganjani.