Njia Moja, Mbele ya Mkwe

Felista alihama Mbugani, mtaa wa mjini, kwa bajaji moja: godoro, ndoo mbili, jiko la mkaa, na tumbo la miezi minane. Mumewe Ezra alikuwa amepata kazi ya utingo kwenye malori yanayovuka mpaka wa Kasumulu kwenda Malawi, akaona si vizuri mke mjamzito abaki peke yake kwenye chumba cha kupanga. "Kwa wazazi wangu utatunzwa," alisema. Hakukosea sana. Kijiji kiko upande wa ziwa, kina migomba, kina samaki, kina hewa. Mtu asiye na shida angepapenda.

Shida ya Felista ilikuwa kwenye kadi ya kliniki. Nesi wa mjini aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba mama huyu alishafanyiwa upasuaji. Mtoto wa kwanza uchungu wake ulichukua siku mbili, nyumbani, watu wakisubiri. Alipotolewa kwa kisu aliishi mpaka asubuhi tu.

"Ukifika huko, wiki hiyohiyo nenda zahanati wakuandikishe, wakupe rufaa," nesi alimwambia. "Uchungu usikukute nyumbani tena. Umenisikia, mama?"

Alikuwa amesikia.

Siku tatu za mwanzo mambo yalikwenda, maana mama mkwe alikuwepo. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana haonani na baba mkwe wake, hapiti mbele yake, hasemi naye. Siku hizi wengi wameacha. Mzee Andongwisye hakuacha. Basi mama mkwe alikuwa akitangulia uani, anakohoa, anasema, "Baba Ezra, geukia huko, mtoto anapita," na mzee anageuka. Siku ya nne ukaja msiba Tukuyu, mama mkwe akajifunga khanga akaondoka. Na misiba ya kwao haina haraka.

Hapo ndipo nyumba ilipomfunga Felista.

Ulikuwa msimu wa kakao. Mzee alitandaza mikeka uani, akamwaga kakao yake, akaweka kiti penye upenyo wa uzio, njia pekee ya kutokea, akakaa kufukuza kuku na kuangalia mvua. Alikaa toka jua linachomoza mpaka linazama. Harufu ya kakao, chachu kama pombe, iliingia dirishani ikakaa ndani pamoja na Felista. Akichungulia aliona kiti, kofia, mgongo. Alipika nyuma ya nyumba, akaweka chakula kizingitini, akagonga sufuria, akakimbilia ndani. Sahani ilirudi imeoshwa. Mwanamume wa umri ule!

Zahanati ilikuwa na kliniki kila Alhamisi. Ya kwanza ikapita. Ya pili Felista alimpigia simu Ezra.

"Mwambie baba anipishe."

"Mimi? Nimwambie baba habari za tumbo la mke wangu?" Ezra alicheka, honi zinalia nyuma yake. "Vumilia, mama anarudi wiki ijayo."

"Mwambie mtoto avumilie. Si wewe ndiye baba yake?"

Simu ikakatika. Mama mkwe hakurudi.

Alhamisi ya tatu Felista alijaribu kutokea nyuma, kwenye majaruba ya mpunga. Hatua ya nne mguu wa kushoto ulizama mpaka gotini, ndala ikabaki chini ya tope, tumbo likamvuta mbele. Akadaka shina la mgomba. Akiwa amelikumbatia hivyo tumbo likakaza, gumu kama ubao, kisha likaachia. Alirudi ndani, akakaa kitandani na kadi mapajani, akatazama ile kalamu nyekundu. Akanyanyuka. Akajitanda khanga mpaka puani, akatoka kwa mlango wa mbele, mguu mmoja peku, akakohoa kama alivyokuwa akikohoa mama mkwe. Kikohozi kilitoka chembamba.

Mzee alishtuka. Akatazama huku, akatazama kule, akanyakua gunia tupu la kakao akajivika kichwani mpaka mabegani. Kuku wakavamia mkeka.

"Nyie kuku," gunia likasema, "huyo anayepita ana tope mguuni, anakwenda wapi?"

Felista aliwatazama kuku. "Kuku, mwambieni baba naenda zahanati. Hii ni wiki ya tatu. Tumbo limeanza kukaza."

Gunia likawageukia kuku.

"Kuku, mbona mtu hakusema?"

"Kuku, angesema na nani?"

Mzee akapapasa simu mfukoni, akaitoa kwa chini ya gunia, akaita bajaji. Dulla, dereva wake, alipofika alikuta kuku wanaparua kakao na mwenye kakao ndani ya gunia.

"Mzee, nani kakukamata?"

"Endesha, mpumbavu wewe. Polepole kwenye mashimo!"

Yeye akafuata nyuma kwa baiskeli.

"Wiki tatu!" alisema nesi Beatrice pale zahanati, mkono juu ya tumbo. "Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kuna nini?"

Felista akamsogezea kadi.

"Leo hii unakwenda mjini, ukae jirani na hospitali mpaka ujifungue. Nani anakusindikiza?"

Felista akaonyesha dirishani. Mzee alikuwa amesimama na baiskeli yake, uso ukutani.

"Mwite."

"Siwezi."

Nesi akamtazama, akamtazama yule wa ukutani, akatoka kumwita mwenyewe.

Kwa hiyo Felista alihama tena, mzee nyuma na baiskeli yake, kurudi Mbugani, chumba cha uani kwa Mwasiti, mwenye nyumba wake wa zamani. Siku ya tisa alifanyiwa upasuaji. Mtoto wa kike, akatoka analia.

Juma lile waliloruhusiwa kutoka hospitali, sufuria iligongwa nje ya mlango. Felista alisubiri kidogo, akafungua. Kizingitini palikuwa na mkungu wa ndizi, na juu yake ndala moja, ya kushoto, imeoshwa.

"Kuku," alisema kwa sauti, mtoto kifuani, "ndaga fijo. Asanteni sana."

Hatua kule uchochoroni zikasimama, kisha zikaendelea.