Mzee wangu alitazama picha ya golf ya kisiwani akasema, "Hapa kuko mutu"

Wakuu, habari za mchana. Nimejitengea muda na birika la chai ili niandike hili bila kulitia chumvi.

Nianze na aibu yangu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimewaambia watu kuwa baba yangu, kule Kisangani, alikuwa agronome, yaani mtaalamu wa kilimo. Niliwaambia wenzangu chuoni, nikamwambia mume wangu kabla hatujaoana, nikaandika hata kwenye fomu.

Ukweli ni kwamba alikuwa mkata majani wa uwanja wa golf. Alikata kwa coupe-coupe, ule ubapa mrefu wa chuma uliopinda nchani.

Aliyetilia shaka nilimkazia macho mpaka akaona haya yeye.

Mungu akanilipa kwa kunipendesha golf ukubwani. Nacheza vibaya sana. Nimesoma kuhusu mchezo huu kuliko nilivyowahi kuupiga.

Basi mwaka huu nikataka likizo kisiwani, kwenye uwanja wenye mandhari nzuri na bei ya mtu wa mshahara. Kwa mnaotaka ushauri: tafuteni viwanja vya mashimo tisa, nendeni msimu wa mvua wageni wakiwa wachache, kodini fimbo hukohuko, na chezeni alasiri bei inaposhuka. Uzi wenye faida umeishia hapo. Yanayofuata ndiyo yaliyonikosesha raha.

Baba, tunayemwita Papa, alikuwa kwangu akipona upasuaji wa macho. Sasa anaona hata nisivyotaka avione. Nikamfungulia laptop, nikamwonyesha picha za viwanja vitatu, nikidhani namwondolea upweke.

"Hii walipaka rangi," akasema kwa ule wa kwanza.

"Papa, majani hayapakwi rangi."

"Mutoto ya université. Angalia mawe ya pembeni. Mawe nayo iko inaota?"

Nikaikuza picha. Mawe yalikuwa ya kijani.

Wa pili aliukataa kwa sababu aliyeukata, kwa maoni yake, alikuwa anafikiria chakula. Wa tatu ndio uliokuwa wa bei rahisi kuliko vyote, na mzuri kuliko vyote: shimo la saba lilikuwa na bahari nyuma yake. Papa akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapa kuko mutu."

Sikuona mtu. Niliona nyasi tu, na katikati yake kipande chenye urefu wa mkeka, kijani chake kimeiva kupita kingine, hakijaguswa na mashine.

"Simwoni, Papa."

"Hauwezi kumuona. Iko chini."

Nilicheka, nikafanya booking mbele yake. Hakukasirika. Aliniambia tu, "Ukifika, uliza mwenye kukata. Usiulize chef wake." Chef, kwetu, ni bosi.

Kisiwa sikitaji, wenyewe wana biashara zao.

Siku ya pili nikafika shimo la saba. Mpira wangu, ambao haujawahi kwenda ninakoutuma, ulienda moja kwa moja ukaingia kwenye ule mkeka wa nyasi. Bakari, mfanyakazi wa uwanja aliyenibebea mfuko, akasimama.

"Uache huo, mama. Nitakupa mwingine."

Mimi nafundisha vijana kushuku mambo ya namna hii. Nikaingia.

Ilikuwa saa tisa na nusu, jua kali, uwanja wote mkavu. Soksi zangu zililowa umande. Halafu nikagundua kuwa siisikii bahari, nami nimeipa mgongo kwa hatua chache tu. Niliokota mpira, nikatoka. Hatua mbili nje ya zile nyasi, mawimbi yakarudi masikioni kama redio iliyowashwa.

Mwanafunzi akiniletea aya kama hiyo ya juu naikata kwa kalamu nyekundu. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Nani kalala pale?" nikamuuliza Bakari.

"Sijui. Aliyenifundisha kazi alinikataza kupitisha mashine. Na yeye alikatazwa." Akanitazama. "Wewe nani kakwambia?"

"Baba yangu. Ni mkata majani."

Ndiyo mara ya kwanza nililitamka hilo katika utu uzima wangu, tena kwa mtu nisiyemjua.

"Basi kazi anaijua," akasema Bakari.

Niliporudi nyumbani nikamsimulia Papa. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia jambo ambalo ningelijua zamani kama ningewahi kumuuliza habari za kazi yake.

Alikuwa na kaka, amu yangu, tonton Ramazani, fundi cherehani wa mtaa wa Mangobo kulekule Kisangani. Uhuru ulipokuja, kila mtu alitaka bendera. Ramazani alishona mpaka kidole kikavimba, na ile subana, kofia ndogo ya chuma ya kidole cha fundi, ambayo kwetu tunaiita dé, ikakwama hapohapo. Alitembea nayo, alilala nayo. Upande mmoja ilikuwa imebonyezwa na mlango.

Uhuru ulimpa wateja. Uasi wa mwaka 1964 ulipokuja, watu wenye bunduki wakamuuliza: bendera ulimushonea nani?

Ijumaa moja hakurudi nyumbani. Mke wake alikuwa na mimba, ya mtoto aliyekuja kuitwa Yuma.

Wazungu wa golf walikuwa wamekwisha kukimbia, lakini Papa aliendelea kwenda kukata majani kila asubuhi. Hakuna aliyemwambia aache. Mvua ziliponyesha, kwenye kona ya uwanja inayoelekea mtoni, mkeka wa nyasi ukainuka haraka kuliko zingine. Katika kazi yao nyasi za hivyo hazikatwi. Unazizunguka.

"Nikazunguka," alisema. "Kila siku nikazunguka."

Papa akamwambia shemeji yake, huyo Mama Yuma, kwamba Ramazani alivuka mto kwenda Lubunga, akapanda train ya Ubundu, atarudi vita ikipoa.

"Sikuchimba, donc sikujua. Kama sikujua, sikusema uongo."

Naijua hoja hiyo. Nimejenga maisha mazima juu yake.

Mama Yuma aliamini. Hakukaa eda, kwa sababu mwanamke mwenye mume msafiri hakai eda. Hakuolewa tena. Mpaka uzee huu, akisikia train imefika, anatuma mtu avuke mto akaangalie.

"Tumwambie, Papa."

"Na kama si yeye? Tutakuwa tumemuua bwana yake bure."

Siku ya nne, Papa mwenyewe akaomba simu, akampigia Yuma. Akamweleza ile kona, na benchi ya saruji ya kuanzia kuhesabu hatua. Yuma akasema golf yote sasa ni nyumba, ila benchi bado ipo, katika bustani ya mihogo ya mama mmoja. Mama huyo alikubali pachimbwe, tena upesi kuliko tulivyotegemea. Alisema mihogo ya kona ile hunenepa kupita kiasi, na nyumbani kwake hakuna anayeila.

Nilichojifunza, wakuu, ni hiki: kabla hujalipia uwanja wenye bei ya kushangaza, mtafute mwenye kukata. Na kama ni baba yako, muulize mapema, mbele za watu. Waliowahi kukanyaga mahali pa namna ile waandike hapa chini. Wa kunicheka pia waje, nimezoea.

Simu ililia jana saa nne asubuhi. Nikaiweka mezani kwa spika, Papa akasogeza kiti.

"Mariamu," ilikuwa sauti ya Yuma. "Tumepata mutu. Imam iko hapa, chef de quartier naye, mukubwa wa mutaa." Akavuta pumzi. "Na dé iko. Imebonyea upande moja."

Papa akafumba macho yake mapya.

Simu ikahama mikono kule. Mama Yuma hakutusalimu.

"Sefu," akamwita Papa kwa jina lake. "Majani ya juu yake, ulikuwa unakata?"

"Hapana, Mama Yuma. Nilikuwa nazunguka."

Tulisikia koleo likiwekwa chini. Tukasikia kuku wa yule mama mwenye mihogo.

"Bon," akasema Mama Yuma. "Basi naanza eda leo. Na mutu asivuke tena kuangalia train."